FIFA ni ya Nani? Safari ya Kura Moja Kutoka Sokoine Hadi Zurich

Kwenye kijiwe cha bodaboda pale Kabwe, jijini Mbeya, swali lilianza kwa hasira. Tulikuwa tumetoka uwanja wa Sokoine, timu imenyimwa penalti dakika za mwisho, na kijana mmoja mwenye jezi ya zambarau ya Mbeya City akawa anasema FIFA lazima waingilie kati. Mwenzake, aliyekuwa anapangusa tope kwenye tairi kwa tambara, akamkatisha: "FIFA yenyewe ni ya nani?" Mmoja akajibu ni ya Wazungu. Mwingine akasema iko chini ya Umoja wa Mataifa. Wa tatu akaapa kwamba ni kampuni ya Infantino, rais wake. Kisha wakanigeukia mimi. Miaka ya nyuma niliwahi kuwa katibu wa timu ya kata, na mtaani jina hilo halijanitoka. "Katibu, hebu tuambie."

Niliwajibu kwa kifupi, na nyuso zao zikaniambia kwamba sikueleweka. Nimekaa na swali lile tangu siku hiyo. Vijana hawa hulipa kiingilio kila wiki, hununua jezi, hugombana na ndugu zao kwa ajili ya mpira, na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza mpira unatawaliwaje. Basi nitalijibu hapa kwa kirefu.

FIFA haina mwenye hisa hata mmoja. Haiko chini ya Umoja wa Mataifa wala chini ya serikali yoyote. Kisheria ni chama, kwa maana ile ile tunayoitumia tukisema chama cha ushirika au chama cha kuzikana. Kilianzishwa Paris tarehe 21 Mei 1904, makao yake yakahamia Zurich mwaka 1932, na kinachokipa uhai kisheria ni sheria ya kiraia ya Uswisi, kuanzia kifungu cha 60. Sheria hiyo inawaruhusu watu au taasisi kuungana, kuandika katiba, kuchagua uongozi na kuanza kazi bila kungoja kibali cha serikali. Kwaya ya huko Uswisi inaweza kusimama kwa kifungu hicho hicho. Urahisi huo, pamoja na nafuu ya kodi, umevuta mashirikisho mengi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilihamia Lausanne mwaka 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza inaunguza Ulaya. Mpira wa wavu nao uko Lausanne, mpira wa kikapu uko Mies, jirani na Geneva. Wachache wako kwingine: riadha Monaco, netiboli Manchester, kriketi Dubai.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi ataelewa muundo huu upesi, kwa sababu anaishi ndani yake. Yeye ana miche 300, jirani yake ana ekari 20. Wote wawili ni wanachama wa AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na siku ya mkutano mkuu kila mmoja ana kura moja, awe na gunia mbili au lori zima. AMCOS nazo zinaungana kuunda chama kikuu. Kule juu mkulima haendi mwenyewe, anakwenda mjumbe. Kwa hiyo chama kikuu ni cha mkulima, lakini si kwa namna mbuzi wake alivyo wake. Ni chake kwa kupitia kura ya mtu aliyemtuma, na mtu yule akienda kinyume, mkulima anasubiri mkutano ujao.

FIFA ni chama kikuu cha namna hiyo. Wanachama wake ni 211, na kati ya hao hakuna mtu, hakuna klabu, hakuna mchezaji. Mbappé si mwanachama wa FIFA. Simba na Yanga si wanachama wa FIFA. Mwanachama ni shirikisho la nchi, na kwetu ni TFF, ambayo ilijiunga mwaka 1964 ikiwa bado inaitwa FAT. Tanzania yenye watu zaidi ya milioni 60 ina kura moja. Ujerumani, bingwa wa dunia mara 4, ina kura moja. San Marino, nchi ambayo watu wake wote hawafiki idadi ya wakazi wa kata zetu chache za mjini, ina kura moja.

Sasa tushuke ngazi kutoka huko juu mpaka kijiweni. Mkutano Mkuu wa FIFA una wajumbe kutoka TFF na wenzake 210. Mkutano Mkuu wa TFF nao una wajumbe wa vyama vya mikoa, wa klabu za ligi, na wa vyama shiriki kama vya waamuzi, makocha, wachezaji na soka la wanawake. Kwa mkoa wetu chama hicho ni MREFA. MREFA inaundwa na vyama vya wilaya, na chama cha wilaya kinaundwa na timu. Timu ya kata kama ile niliyokuwa katibu wake inaingia kwa mlango huo wa chini kabisa. Klabu ya Ligi Kuu ina njia ya mkato, inakaa na TFF meza moja. Halmashauri ya jiji iliyoanzisha Mbeya City, au Jeshi la Magereza lenye Tanzania Prisons, wanafika Mkutano Mkuu wa TFF bila kupitia wilayani.

Pembeni mwa ngazi hiyo wamesimama CAF ya soka la Afrika na CECAFA ya Afrika Mashariki na Kati, na hapo watu wengi huchanganyikiwa. Wengi wanadhani CAF ni ofisi ya FIFA ya Afrika, kama mkuu wa mkoa alivyo kwa serikali kuu. Sivyo. CAF ni chama kingine, cha vyama vile vile, kilichozaliwa Khartoum tarehe 8 Februari 1957 na nchi nne: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Afrika Kusini ilikataa kupeleka timu iliyochanganya weupe na weusi, ikaachwa nje ya mashindano ya kwanza ya Afrika mwaka huo huo. CAF ina rais wake, Patrice Motsepe, aliyechaguliwa Rabat Machi 2021, na kamati yake ya utendaji. TFF ni mwanachama wa CAF na wa FIFA kwa wakati mmoja, kama mtu aliye kwenye AMCOS na kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo.

Kwamba vyama hivi ni viwili tofauti, Wazanzibari walilijua kwa uchungu. Machi 2017, Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Watu walisherehekea. Julai mwaka huo huo CAF hiyo hiyo ikafuta uamuzi, kwa hoja kwamba chama kinachopokelewa lazima kitoke katika nchi inayotambulika kimataifa. Kura ya Tanzania ikabaki moja, iliyoko mkononi mwa TFF.

Kwa nini kura hiyo moja ni kitu kikubwa? Hesabu tu. Afrika ina kura 54 kati ya 211 za FIFA. Ulaya ina 55, Asia 46, Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi 35, Oceania 11, na Amerika Kusini 10. Tazama hizo mbili za mwisho. Amerika Kusini imetwaa Kombe la Dunia mara 10: Brazil 5, Argentina 3, Uruguay 2. Visiwa vya Pasifiki pamoja na New Zealand havijawahi kulitwaa hata mara moja, lakini siku ya kura vinaizidi Amerika Kusini yote kwa kura moja.

Wapo wanaoona huo ni upuuzi. Mimi siko nao, na sababu yangu ni ya kihistoria. Kuelekea Kombe la Dunia la 1966, FIFA iliamua kwamba bingwa wa Afrika acheze tena na mshindi wa Asia na Oceania kuwania nafasi moja tu. Bara zima, nafasi nusu. Afrika ikagoma, na Kombe lile la Uingereza likachezwa bila timu ya Kiafrika. Rais wa FIFA wakati huo alikuwa Mwingereza, Stanley Rous, ambaye pia alikuwa ameitetea Afrika Kusini ya makaburu irudishwe kundini baada ya kusimamishwa. Mgomo ulizaa matunda: mwaka 1970 Afrika ilipata nafasi yake kamili, Morocco ikaenda Mexico. Lakini kisasi chenyewe kililipwa kwa kura. Nchi za Kiafrika zilizopata uhuru zilikuwa zimeingia FIFA moja baada ya nyingine, na ilipofika Juni 1974 mjini Frankfurt, Mbrazili João Havelange, aliyekuwa amezunguka Afrika akiomba kura na kuahidi nafasi zaidi, alimng'oa Rous. Mwaka 1976 Afrika Kusini ikafukuzwa. Mwaka 1982 Kombe likapanuliwa kutoka timu 16 hadi 24, na Afrika ikapeleka Algeria na Cameroon. Leo, kwa Kombe la 2026 lenye timu 48, Afrika ina nafasi 9 za moja kwa moja na mlango wa kumi kupitia mchujo. Bila kanuni ya nchi moja kura moja, nani angetupa hizo? Wenye viwanja vikubwa wasingetupa.

Lakini kanuni hiyo ina upande wake wa giza, na nitausimulia kwanza kwa nililoliona mwenyewe, bila kutaja wilaya wala mtu.

Ulikuwa uchaguzi wa chama cha wilaya, msimu wa mvua. Ukumbi ulikuwa wa bati, na mvua ilipokolea msimamizi alilazimika kurudia kila jina mara tatu. Wapiga kura tulikuwa 23. Sanduku la kura lilikuwa boksi la maji ya chupa lililotobolewa kwa kisu, na karatasi zilichanwa kutoka daftari la mistari, zikagongwa mhuri ambao wino wake ulikuwa umekauka upande mmoja. Wajumbe wa kata za mbali walikuwa wamefika jana yake. Mgombea mmoja aliwalipia gesti, akawanunulia chai na chapati asubuhi, akawapa na nauli ya kurudi. Nauli ya kweli ilikuwa shilingi 4,000, walipewa 20,000. Matokeo yakawa kura 12 kwa 11. Wote waliolala gesti ile walikuwa watano. Nilikuwa nawafahamu, hawakuwa watu wabaya. Timu zao hazikuwa na mpira wa kuchezea, na mtu pekee aliyewahi kuwauliza wamelala wapi alikuwa yule mgombea. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira hiyo haijaniisha mpaka leo, kwa sababu kwa kipindi chote cha uongozi uliofuata wilaya ile haikuendesha ligi ya vijana hata msimu mmoja.

Sasa panda juu ukiwa na picha hiyo kichwani. Kura zinapanda kutoka chini, fedha zinashuka kutoka juu. Katika mzunguko wa miaka minne ulioishia na Kombe la Dunia la Qatar, 2019 hadi 2022, FIFA iliingiza takribani dola bilioni 7.5, sehemu kubwa ikiwa haki za televisheni na udhamini. Kwa mpango wake wa maendeleo wa 2023 hadi 2026, kila shirikisho mwanachama linaweza kupata hadi dola milioni 8: milioni 5 za uendeshaji na milioni 3 za miradi kama viwanja na vituo vya mazoezi. Hizo ni fedha halali, zina masharti na ukaguzi, na kuna viwanja vya nyasi bandia duniani ambavyo visingekuwepo bila hizo. Shida iko kwenye mpangilio. Rais anayeomba kura ndiye mkuu wa taasisi inayogawa fedha, na anayezipokea ndiye mpiga kura. Kwa shirikisho tajiri la Ulaya dola milioni 8 si kitu. Kwa shirikisho la kisiwa kidogo zinaweza kuwa karibu bajeti nzima. Hapo hakuna anayehitaji kutoa bahasha gizani. Kila kitu kimeandikwa kwenye karatasi, na bado mtu anajua nani wa kumshukuru.

Na bahasha zenyewe zilikuwepo. Zamani mwenyeji wa Kombe la Dunia hakuchaguliwa na Mkutano Mkuu, alichaguliwa na Kamati ya Utendaji ya watu 24. Tarehe 2 Desemba 2010 watu hao, wakiwa 22 baada ya wawili kusimamishwa kwa tuhuma za kutaka kuuza kura zao, walizipa Urusi Kombe la 2018 na Qatar la 2022 kwa kura ya siri. Ukitaka kuyumbisha uamuzi wa watu 22, unahitaji wachache mno. Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2015 polisi wa Uswisi waliingia hoteli ya Baur au Lac mjini Zurich na kuwakamata viongozi wa soka kwa mashtaka ya rushwa yaliyofunguliwa Marekani. Sepp Blatter, aliyekuwa rais tangu 1998, alichaguliwa tena siku mbili baadaye, na baada ya siku chache akatangaza kwamba ataachia. Issa Hayatou wa Cameroon, aliyeiongoza CAF kuanzia 1988 hadi 2017, alikaimu mpaka uchaguzi wa Februari 2016.

Siku ile ile ya uchaguzi huo, tarehe 26 Februari 2016, katiba ilibadilishwa. Kamati ya Utendaji ikavunjwa, likaja Baraza la watu 37: rais, makamu 8, na wajumbe 28 wanaochaguliwa kwenye mabara, kila bara likitakiwa kuwa na angalau mwanamke mmoja. Rais akawekewa kikomo cha vipindi vitatu vya miaka minne minne. Kazi ya siasa ikatengwa na kazi ya utendaji: Baraza linaweka mwelekeo, na Katibu Mkuu anaajiri, anasaini mikataba na kuendesha ofisi. Katibu Mkuu wa kwanza chini ya utaratibu huo alikuwa Fatma Samoura wa Senegal, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Uchaguzi wa mwenyeji wa Kombe la Dunia, uliokuwa umekwisha kuondolewa kwa Kamati ya Utendaji, ukabaki mikononi mwa Mkutano Mkuu wote, na ndiyo maana mwaka 2018 mjini Moscow tuliona hesabu waziwazi: Marekani, Canada na Mexico kura 134, Morocco 65.

Kwenye karatasi ni mageuzi mazuri, na mengine yamefanya kazi. Mengine yameteleza. Gianni Infantino alishinda mwaka 2016 kwa kura 115 katika raundi ya pili, dhidi ya Sheikh Salman wa Bahrain aliyepata 88, ingawa uongozi wa CAF ulikuwa umetangaza kumuunga mkono Salman. Nchi kadhaa za Afrika zilipiga kura zilivyotaka, jambo linaloonyesha kwamba bara halina rungu juu ya wanachama wake kwenye kura ya siri. Lakini mwaka 2019 mjini Paris Infantino alipita bila kupingwa, na Machi 2023 mjini Kigali akapita tena bila kupingwa, kwa makofi. Kabla ya Kigali, Baraza lilikuwa limetamka kwamba miaka yake mitatu ya kwanza isihesabiwe kuwa kipindi, kwa hiyo mlango wa mwaka 2027 uko wazi kwake. Desemba 2024 wenyeji wa 2030 na 2034 nao wakapitishwa kwa makofi, kwenye mkutano wa mtandaoni. Makofi yananisumbua. Kura ya siri inamlinda mjumbe mdogo anayetaka kukataa. Makofi yanamweka hadharani, na ni nani atakaa mikono imekunjwa huku kamera inapita?

Nimekaa sana kwenye soka. Mashirikisho mengine hayafanani nalo, na IOC ndiyo inayotofautiana zaidi.

Mtu atadhani IOC ni muungano wa kamati za Olimpiki za nchi. Kamati hizo zipo 206, ya kwetu ni TOC, ambayo Katibu Mkuu wake kwa miaka mingi alikuwa Filbert Bayi, yule yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Lakini kamati hizo si wanachama wa IOC. Wanachama wa IOC ni watu, hawazidi 115, na wanaowachagua ni wanachama waliomo tayari. Hadi 70 huingia kama watu binafsi, 15 ni wanamichezo, 15 viongozi wa mashirikisho ya kimataifa, 15 viongozi wa kamati za nchi. Mwanachama hatumwi na nchi yake kwenda IOC. Yeye ndiye mwakilishi wa IOC katika nchi yake. Ni kama baraza la wazee ambamo wazee wenyewe huamua nani ni mzee. Baron Pierre de Coubertin aliliunda hivyo mwaka 1894 akihofia serikali zisije zikaliteka, na mpaka leo nchi nyingi hazina mwanachama hata mmoja.

Na bado, tarehe 20 Machi 2025 nchini Ugiriki, baraza hilo la kujichagua lilimchagua Kirsty Coventry wa Zimbabwe kuwa rais, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Walikuwa wagombea 7, kura 97, akapata 49 raundi ya kwanza, nusu na kidogo. Sebastian Coe, rais wa riadha ya dunia, alipata 8. Sijui kama Mkutano Mkuu wa mataifa 206 ungefika hapo upesi zaidi. Hilo linanifanya nisiwe mwepesi wa kusema muundo fulani peke yake ndio unaoleta haki.

Kriketi wana daraja. Nchi 12 ni wanachama kamili, Afrika ikiwa na Zimbabwe na Afrika Kusini tu. Tanzania ni mwanachama mshiriki na sauti yake ni ndogo. Kule mwenye ekari 20 anahesabiwa ekari zake.

Coventry ananipeleka kwenye jambo ambalo Watanzania wengi hulisikia tu kama tishio: "tutafungiwa na FIFA". Kwa sababu mashirikisho haya ni vyama huru, yanatetea uhuru huo mpaka chini. Serikali ikivunja uongozi wa shirikisho la soka na kuweka watu wake, FIFA inasimamisha nchi. Novemba 2021 mamlaka ya michezo ya Zimbabwe ilisimamisha uongozi wa shirikisho lao, ZIFA, wakati waziri wa michezo akiwa Coventry huyo huyo. Kenya nayo serikali ililivunja la kwao mwezi ule ule. Tarehe 24 Februari 2022 FIFA ikazisimamisha zote mbili kwa siku moja, zikaondolewa kwenye kufuzu AFCON. Kenya ilirudi Novemba 2022, Zimbabwe Julai 2023. Wachezaji waliopoteza miezi ile hawakuwa wamemvunja mtu yeyote madarakani.

Hapa kwetu kuna Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ambalo linasajili vyama vya michezo na kuvisimamia. Mstari kati ya kusimamia na kuingilia ni mwembamba. Kukagua fedha za umma, sawa. Kumtoa rais aliyechaguliwa na kumpachika mwingine, hapo kengele inalia Zurich. Ninaielewa kanuni hiyo, maana tumeona wanasiasa wanavyoweza kuifanya timu ya taifa kuwa bango la kampeni. Ila inaumiza pale uongozi mbovu unapojificha nyuma yake, mwananchi akakosa pa kushtaki. Katiba za soka zinazuia hata kwenda mahakama za kawaida: unaanza kamati za ndani, unakwenda rufaa, na mwisho Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo (CAS) kule Lausanne, iliyoanza mwaka 1984. Kwa klabu ya Simba au Yanga hilo linawezekana. Kwa mchezaji wa Tukuyu anayedai mshahara wa miezi mitatu, Lausanne ni mbali kuliko kilometa zinavyoonyesha.

Usidhani haya ni ya soka tu. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, muda sawa na Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sekunde 0.03. Tulikimbia na simu mikononi siku ile, Mbeya nzima. Kufika kwenye mstari wa kuanzia, Simbu alihitaji miguu yake na pia karatasi: jina lake liwasilishwe na shirikisho la riadha la nchi, ambalo ni mwanachama wa World Athletics. Ingekuwa Olimpiki, karatasi ingepitia TOC. Mwanariadha hawezi kujiandikisha mwenyewe hata awe na kasi kiasi gani. Na uongozi wa juu ukioza, unamfikia pale pale: Lamine Diack, aliyeongoza riadha ya dunia kuanzia 1999 hadi 2015, alitiwa hatiani mjini Paris mwaka 2020 kwa rushwa iliyosaidia kuficha wanariadha wa Urusi waliotumia dawa. Kila aliyemaliza wa pili nyuma ya mmoja wao aliibiwa na rais wake mwenyewe. Tangu 2017 riadha wana kitengo huru cha uadilifu, kisichopokea amri kutoka kwa rais kuhusu nani achunguzwe, na kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko bora kuliko yote yaliyofanywa na shirikisho lolote katika miaka hii.

Wiki mbili baada ya siku ile ya Kabwe nilipita tena kijiweni, nikawaeleza haya kwa utulivu, mvua ikiwa imetukusanya chini ya turubai la muuza mahindi. Walisikiliza. Yule wa jezi ya zambarau akangoja nimalize, akauliza: "Sasa Katibu, na penalti yetu?"

Nikamwambia kwamba sheria za mpira hazitungwi hata na FIFA peke yake. Zinatungwa na bodi iliyoundwa mwaka 1886, IFAB, yenye kura 8: FIFA ina 4, na England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana moja moja. Badiliko lolote linahitaji kura 6, kwa hiyo FIFA haiwezi kupitisha kitu bila angalau wawili wa hao wanne, na hao wanne hawawezi kitu bila FIFA. Moja ya sheria hizo inasema uamuzi wa refa juu ya tukio la mchezo ni wa mwisho. FIFA kule Zurich hawawezi kuirudisha penalti ile, wala CAF kule Cairo, wala TFF Dar es Salaam. Klabu inachoweza ni kuandika barua Bodi ya Ligi. Kamishna wa mchezo ana ripoti yake, Kamati ya Saa 72 inaweza kuisoma, na refa akionekana amevurunda anaondolewa kwenye ratiba kwa muda.

"Barua hiyo anaandika nani?"

"Katibu wa klabu."

Akachukua simu, akaanza kuuliza wenzake kama kuna anayeijua ofisi ya klabu iko wapi.